Jinsi ninavyompimia mtafiti wa seli manukuu na ushirikiano wake

Mhadhiri mmoja wa baiolojia ya seli alifika kwenye meza yangu maktabani na fomu ya kupandishwa cheo. Alikuwa ameijaza yote isipokuwa nafasi mbili: "idadi ya kunukuliwa" na "ushirikiano wa kimataifa". Google Scholar ilimwonyesha kuwa amenukuliwa mara elfu kadhaa, na moyo ulimsuta kuandika namba ile. Nikamvutia kiti. Ilituchukua asubuhi nzima, na namna tuliyofanya ndiyo ninayowaonyesha wote wanaokuja.

Tulianza na jina, na hapo msiwe na haraka. Mohamed mmoja huandikwa Mohammed kwenye jarida hili na Muhamed kwenye lile. Makala moja ina jina la baba, nyingine la babu, na mwanamke akiolewa huenda akabadilisha jina katikati ya kazi yake. Kompyuta humgawa mtu mmoja kuwa watatu, au huwachanganya wawili wakawa mmoja. Msaidie ajifungulie ORCID, kitambulisho cha watafiti mtandaoni, kama hana: ni bure, na atapata namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata jina likibadilika. Kisha chukueni wasifu wake wa karatasi mulinganishe na orodha ya mtandaoni, makala kwa makala, kwa namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kila makala. Sisi tulikuta makala mbili za mtafiti wa kilimo mwenye herufi za jina zilezile, na moja ya kwake iliyopotea kwa kuwa aliiandika kabla ya ndoa. Tukabaki na makala 13.

Sasa hesabu. Chagua chanzo kimoja ukae nacho. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, kwa hiyo namba zake huwa kubwa. Scopus na Web of Science, hifadhidata za makala, huchagua majarida na zinahitaji chuo kilipie. OpenAlex, iliyoanza 2022, iko wazi kwa kila mtu. Ukichukua namba hapa na nyingine pale, hesabu yako haitakuwa na maana. Andika chanzo na tarehe pembeni.

Indeksi ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hata kwa kalamu inapatikana: ni idadi ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, ushuke ukihesabu mpaka nafasi iizidi idadi ya manukuu. Tuliweka kando makala moja (nitaieleza), na 12 zilizobaki zilikuwa hivi: 41, 30, 22, 15, 11, 9, 8, 6, 3, 2, 1, 0. Ya saba ina manukuu 8, inapita. Ya nane ina 6, haifiki. Basi h ni 7, na jumla ya manukuu ni 148.

Ile ya kando ni mwongozo wa 2016 wa kupima otofajia, yaani seli inavyojila na kuchakata mabaki yake. Una waandishi zaidi ya 2,000, naye ni mmoja wao. Umenukuliwa mara maelfu. Ukiurudisha kwenye orodha, jumla inapaa hadi maelfu, lakini h inatoka 7 kwenda 8 tu. Ndiyo maana jumla peke yake siiamini. Fani hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili: makala ya 1993 iliyoorodhesha chachu zenye hitilafu ya otofajia ilikuwa na waandishi wawili tu, Tsukada na Ohsumi, nayo ni sehemu ya kazi iliyompa Yoshinori Ohsumi Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Usimlinganishe mtu wa seli na mwanahisabati, wala kijana na mzee. Kwa makala zilizomo PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na baiolojia, tovuti ya iCite ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani) hutoa uwiano unaozingatia fani na mwaka, 1.0 ni makala ya katikati miongoni mwa zile zilizofadhiliwa na NIH. Na namba ya jarida, yaani wastani wa manukuu ya makala zake, msiibandike kwa mtu. Ni kwenye mkutano wa wanabaiolojia wa seli wenyewe, wa chama chao cha Marekani, San Francisco Desemba 2012, wahariri na wachapishaji wa majarida walipokutana, likazaliwa azimio la DORA linalokataa jambo hilo.

Ushirikiano ndio unaonigusa zaidi. Katika fani hii, wa kwanza kwenye orodha kwa kawaida ndiye aliyekesha maabara, wa mwisho ndiye mkuu wa maabara. Nimeona makala nyingi ambazo sampuli zimetoka kwetu na majina yetu yamebanwa katikati. Kwa hiyo chora jedwali: makala, mwaka, nafasi yake, taasisi za wenzake. Tafuta jina linalorudi mwaka hadi mwaka; huo ndio ushirikiano, mengine ni kukutana tu. Ukitaka picha, programu ya VOSviewer ya Chuo Kikuu cha Leiden huchora ramani ya waandishi, nayo ni bure. Usiubadilishe mpangilio wake wa kuruka makala zenye waandishi zaidi ya 25, la sivyo ule mwongozo utageuza ramani nzima kuwa doa moja. Chagua pia kuhesabu kwa mgawanyo, ili makala ya watu wengi isizidi nguvu makala ya watu wanne.

Kwenye fomu aliandika hivi: "Makala 13. Manukuu 148 na h 7 bila mwongozo wa 2016 wenye waandishi zaidi ya 2,000. H 8 ukiwemo. Mwandishi wa kwanza mara 4, wa mwisho mara 2. Makala 5 na maabara moja ya Ujerumani, iliyopokea wanafunzi wetu wawili." Chini yake akaweka jina la chanzo, tarehe ya siku ile na namba yake ya ORCID, akasaini.