Somo: Kusoma taashira na visasili katika riwaya ya Rosa Mistika

Tunatumia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Taashira ni kitu kinachosimamia wazo; kisasili ni hadithi ya kale ya imani au asili. Shikeni jambo moja: jina au rangi hudokeza taashira, lakini kinachoithibitisha ni tukio.

Hatua ya 1. Soma riwaya yote bila kalamu. Anayepiga mistari tangu ukurasa wa kwanza huona taashira kila mahali, maana hajajua kisa kinaelekea wapi.

Hatua ya 2. Rudia kusoma ukiwa na daftari la safu tatu: jina au kitu, ukurasa, kinachotendeka hapo. Kilichojitokeza mara moja kiache, isipokuwa kama kiko kwenye jina la kitabu, mwanzoni au mwishoni.

Hatua ya 3. Tafuta chanzo chenyewe, si muhtasari wake. Jina la kitabu, la Kilatini, limetoka kwenye Litania ya Bikira Maria, sala ya Kikatoliki inayotaja sifa zake: "Waridi lenye fumbo, utuombee." Isome yote. Mwishoni sifa za Malkia zinafuatana, na mama yake Rosa, mhusika mkuu, anaitwa Regina, yaani malkia. Kuna Nyota ya asubuhi, na mdogo wake Rosa ni Stella, yaani nyota. Shule anayokwenda Rosa ni Rosary, yaani rozari. Mwandishi alisoma seminari. Mwangwi huu si wa bahati.

Hatua ya 4. Angalia chanzo na kisa vinapoachana. Maria wa litania ni bikira, kimbilio la wenye shida. Rosa anapigwa vibaya na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles. Baadaye Charles huyohuyo, sasa mchumba wake, anamkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa anajiua. Andika pengo hilo kwa sentensi moja, kwa mfano: usafi anaosifiwa Maria kanisani ndio fimbo anayopigwa nayo Rosa, kwanza na baba, kisha na mchumba.

Hatua ya 5. Mwite Rosa "Anna" uone. Kisa kinasimama, kinaya (kinyume cha kinachotarajiwa) kinapotea. Kisipopotea kitu, futa hoja yako.

MASWALI

Je, Zakaria ni yule wa Luka sura ya 1?
Hapana. Yule ni kuhani aliyepigwa bubu, akapata mtoto uzeeni. Huyu ni mlevi, na hakuna tukio linalowaunganisha. Ni jina la ubatizo tu. Hata Stella msimtegemee peke yake; hoja ibebwe na Rosa.

Nimezoea kuandika "waridi ni mapenzi". Nimekosa?
Umetumia maana ya jumla inayofaa kitabu chochote. Mtahini anataka waridi la kitabu hiki, pamoja na tukio.

Hatua hizi zinafaa kwa Nagona (1990), riwaya nyingine ya Kezilahabi?
Zinafaa, ila hatua ya 3 ni ndefu zaidi. Humo dini, falsafa za Ulaya na visasili vimechanganywa, kwa hiyo usilazimishe chanzo kimoja. Anza na safari ya msimulizi: anatoka wapi, anakutana na nani, nini kinamzuia. Chanzo kitafutwe kituo kwa kituo.