Somo: Umejuaje? Hatua za kufuatilia chanzo cha unachokijua

Shikeni kalamu, somo hili ni la kufanya.

Hatua ya 1. Andika mambo matatu unayoyajua kwa yakini, ya kawaida tu. Mfano: sukari ni tamu, 7 mara 8 ni 56, tarehe yako ya kuzaliwa.

Hatua ya 2. Kwa kila jambo, andika limekufikia kwa njia gani. Sukari umeionja, kwa hiyo ni milango ya fahamu. Hesabu ni kazi ya akili.

Kwenye tarehe ya kuzaliwa, tulia. Siku hiyo ulikuwepo, ila hukumbuki chochote. Mama amekuambia, au umesoma kwenye cheti, na karani aliyekiandika naye aliambiwa. Hiyo ni habari, na sehemu kubwa ya elimu yetu imeingia kwa mlango huo. Inanisikitisha kwamba masomo mengi ya falsafa huishia kwenye mvutano wa wanafalsafa wa Ulaya Descartes na Locke, akili dhidi ya hisi, habari ikaachwa nje. Najm al-Din al-Nasafi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1142, alitaja vyanzo vitatu bila kificho: hisi zilizo salama, habari ya kweli na akili. Wanafalsafa wa Nyaya, shule ya kale ya falsafa huko India, walihesabu vinne: kuona, kukisia kwa dalili, kulinganisha, na neno la mtu mwaminifu.

Hatua ya 3. Kijaribu kila chanzo. Al-Ghazali, naye mwanachuoni wa Kiislamu, alianza na macho: kivuli unakiona kimesimama, rudi baada ya saa moja, kimesogea. Nyota inaonekana ndogo kama dinari, na hesabu inasema ni kubwa kuliko dunia. Hapo akili imesahihisha jicho. Kisha akauliza swali zito: nani ataisahihisha akili?

Hatua ya 4. Kwa habari, uliza: msemaji alikuwepo? Ana maslahi gani? Wapo wengine waliosema hivyohivyo bila kupatana?

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, cheti changu kinasema Machi, bibi anasema nilizaliwa wakati wa kuvuna. Nimwamini nani?
– Bibi alikuwepo, karani hakuwepo. Ila ulizia cheti kiliandikwa lini. Kama ni miaka baadaye, bibi ana uzito zaidi.

Kumbukumbu si chanzo?
– Inatunza kilichokwisha kuingia. Mimi siihesabu peke yake.

Na wahyi, yaani ufunuo wa Mungu kwa mtume?
– Al-Nasafi aliuweka ndani ya habari ya kweli, ambayo kwake ni aina mbili: inayopokewa na watu wengi kiasi kwamba hawawezi kuafikiana kwenye uongo, na habari ya mtume.

Mtoto huamini kila anachoambiwa. Hiyo ni elimu kweli?
– Mwanafalsafa Hume wa Uskoti, mwaka 1748, alisema tunaamini habari kwa kuwa uzoefu umetuonyesha kwamba watu kwa kawaida husema kweli. Mwenzake wa Uskoti, Reid, mwaka 1764, akasema tumeumbwa na mwelekeo wa kuamini, na uzoefu huja baadaye kuupunguza. Naegemea kwa Reid: mtoto anayesubiri ushahidi kabla ya kukubali kwamba hayo yanaitwa maji hatajifunza lugha yoyote.