Waifai ya nyumbani inasuasua? Pitia haya kabla hujapandisha kifurushi

Kila nyumba ninayoitwa maneno ni yale yale, "fundi intaneti imekuwa konokono, nimepandisha kifurushi mara mbili na bado". Sasa mara nyingi laini yenyewe ni nzima kabisa, shida ipo hapo kati ya ruta (kile kiboksi kinachorusha waifai) na simu yako, na kifurushi kikubwa hakikusaidii chochote. Kwa hiyo usianze kubonyeza bonyeza setingi, kwanza tujue ugonjwa upo wapi.

Hatua ya 1. Chukua laptopu uichomeke kwenye ruta kwa waya wa mtandao, zima waifai yake, waambie wenzako nyumbani wapumzike dakika mbili afu fungua fast.com upime. Andika hiyo namba. Chomoa waya, washa waifai, pima ukiwa umekaa karibu na ruta, afu nenda kapime kule chumbani unakolalamikia. Huna laptopu basi pima kwa simu, mita mbili toka kwenye ruta, siyo sawa na waya ila itakupa mwanga. Kama kwenye waya kwenyewe namba iko chini sana ya unacholipia, hapo ndo mpigie mtoa huduma, huku kwingine utajichosha bure. Ila na hesabu iwe sawa, kifurushi cha 20 ni megabiti, gawa kwa 8, faili linashuka kama megabaiti 2.5 kwa sekunde, hujaibiwa.

Hatua ya 2, na kesi nyingi zinaishia hapa: ruta umeiweka wapi? Watu wanaificha nyuma ya tv, wengine ndani ya kabati eti inaharibu sebule. Kuna nyumba Tabata nilienda nikakuta ruta iko juu ya friji, pembeni yake maikrowevu, nyuma ya ukuta kuna simtanki limejaa maji, na mama mwenye nyumba anashangaa kwa nini kila akipasha chakula watoto wanapiga kelele katuni inazunguka tu. Maikrowevu inavujisha mawimbi kwenye masafa yale yale ya waifai, gigahezi 2.4, maji yanayameza, na chuma kama cha friji kinayarudisha yalikotoka. Niliihamishia koridoni, juu kidogo ya kichwa cha mtu, waya wa mita 10 basi, setingi hata moja sikugusa. Nikalipwa na chapati juu.

Hatua ya 3. Ruta nyingi za sasa zinatoa waifai mbili, ya 2.4 na ya 5. Ya 5 ina mbio ila ukuta wa tofali unaichosha haraka, hiyo wape tv na simu za sebuleni, chumba cha mwisho kibaki na 2.4.

Hatua ya 4 ni ya wanaokaa fleti. Ingia kwenye ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, utafute chaneli, yaani njia ambayo ruta inapitishia mawimbi yake. Upande wa 2.4 chagua 1, 6 au 11 tu maana hizo tatu haziingiliani, wewe ukijifanya mjanja ukaweka 3 unadhani umewakimbia majirani kumbe umejipachika katikati, wa 1 anakupigia kelele huku na wa 6 huku. Upana wa chaneli weka megahezi 20. Na ukiwa humo humo angalia usalama, yaani namna ruta inavyofunga mawasiliano yako kwa siri, kama umeandikwa TKIP weka WPA2 yenye AES, hiyo TKIP ni ya zamani na inaifunga ruta isivuke megabiti 54 hata ungelipia nini.

Ripita, kile kifaa cha kudaka waifai na kuirusha mbele zaidi, usikimbilie kununua, zile za bei rahisi zinapokea na kutuma kwa masafa hayo hayo kwa hiyo spidi inakatika karibu nusu. Bora uvute waya.

Hatua ya 5, fungua orodha ya vifaa vilivyoungwa uvihesabu. Nyumba ina watu wanne halafu kuna simu kumi na tisa, hapo huhitaji fundi, badilisha paswedi afu kaa kibarazani jioni usubiri. Atakayekuja kukuuliza "eti jirani, na kwenu mtandao umekata?" ndo huyo.