Somo: Kumchagulia Simu Mzee Asiyesikia Vizuri

Mwaka jana mama yangu, anayeishi Ahero, alipigiwa simu akaambiwa arudi kliniki tarehe tisa, naye akafika tarehe sita na kukaa kwenye benchi hadi mchana. Sauti aliisikia, kilichompotea ni konsonanti. Uziwi wa uzeeni huanza kwa kawaida na sauti nyembamba, zile za s na f, huku irabu zikibaki, na kwa kuwa simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 pekee (hezi zikiwa nyingi, sauti huwa nyembamba zaidi), hata kile kidogo kilichosalia hukatwa njiani. Kwa hiyo simu yenye sauti kubwa, ambayo ndiyo muuzaji atakayokutolea kwanza, huenda isimfae.

Hatua ya kwanza ni masikio yenyewe. Nta iliyojaa huziba usikivu, na mhudumu wa afya huiondoa. Msichokonoe kwa pamba wala njiti. Aliyepoteza usikivu ghafla, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitali bila kungoja.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kwenda dukani na mwenyewe. Tieni laini yake katika simu mnayoitazama, kisha wewe utoke hadi stendi ya bodaboda, umpigie, na kumsomea tarakimu kumi ukichanganya sita, tisa na saba, naye aziandike kwenye karatasi. Rudieni kwa sauti ya mtu asiyemjua, kwa maana sauti ya mwanawe huikisia nusu. Akikosea mara tatu, mwombeni muuzaji simu nyingine, hata akinuna.

Hatua ya tatu ni kuchagua kati ya kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, na simu janja. Kabambe ina vitufe vinavyoshikika na chaji ya siku kadhaa. Simu janja ya 4G, iwapo mtandao na simu za pande zote mbili zinaruhusu, hupitisha sauti hadi karibu hezi 7,000, na hapo s husikika zaidi. Tena kwa video mzee huona midomo ya anayesema. Kwa anayejua kusoma, mimi ningenunua simu janja.

Mwisho, wekeni mlio mzito badala ya ule mwembamba, washeni mtetemo, na kama simu inaweza, taa imulike inapoita.

Maswali ya wanachama

Swali, Kakamega: Baba anavaa kifaa cha kusikia, na kila akiweka simu sikioni kinapiga mluzi. Tufanyeje?

Jibu: Mluzi ni sauti ya kifaa inayoirudia maikrofoni yake. Kama kifaa hukaa nyuma ya sikio, mzee aisogeze simu juu kidogo ielekee maikrofoni hiyo, wala asiikandamize. Muulizeni pia mtaalamu wake kama kifaa kina telikoili, ambayo mara nyingi huwekewa alama ya T: hiyo hunasa mawimbi ya sumaku ya simu badala ya sauti ya hewani, hivyo kelele za soko hubaki nje. Simu iliyoandikwa T3 au T4 imepimwa kwa kazi hiyo.

Swali, Nakuru: Shangazi husikia kwa sikio moja tu. Je, atumie spika za masikioni?

Jibu: Atumie, lakini kwenye mipangilio ya simu janja washeni sauti ya mono, ili sauti za kushoto na kulia zote zifike kwenye sikio zima.

Swali, Kisumu: Mama amekataa simu janja kabisa.

Jibu: Mwacheni na kabambe yake, mkawafundishe wanaompigia. Kliniki ya mama yangu sasa husema "tarehe tisa, Alhamisi, siku moja kabla ya tarehe kumi", kisha hutuma ujumbe mfupi, naye humpa mjukuu amsomee.