Operesheni ya kupunguza uzito: jinsi ya kujua kama inakufaa

Kwanza tuelewane, hii sio ile ya kunyonya mafuta. Kunyonya mafuta kunarekebisha shepu tu, hii inagusa tumbo lenyewe la chakula. Na puto linalowekwa tumboni likujaze nalo ni kitu kingine, wanalipitisha mdomoni bila kukukata popote, mengi yanatolewa baada ya miezi 6 hivi.

Sasa kabla hujaanza kuulizia bei, chukua mzani na ile tepu ya fundi cherehani. Zidisha urefu wako wa mita kwa wenyewe, halafu kilo zako gawanya kwa jibu hilo. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 105, 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 105 gawanya kwa 2.56 unapata 41, hiyo ndo BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Kuanzia 1991 madaktari wengi walifuata kipimo cha 40, au 35 ukiwa na magonjwa kama sukari au presha, ila 2022 mwongozo ulibadilishwa, sasa hivi 35 inatosha hata kama huumwi, na mwenye 30 hadi 35 anafikiriwa akiwa na kisukari au shida nyingine za aina hiyo. Kama umepata 27 na unachotaka ni gauni la sendoff likae vizuri, hii sio yako, na anayekuambia njoo tu nakuomba umkimbie.

Aina zinazofanywa sana ni mbili. Slivu wanakata na kutoa karibu asilimia 80 ya tumbo, linabaki jembamba kama ndizi, na kile kipande kinachotoka ndo kinatengeneza sana homoni ya njaa, ndo maana mtu anakaa hata hana hamu ya kula. Kilichokatwa hakirudi, hilo liwaze vizuri. Baipasi wanatengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, kama mililita 30 hivi, wanakiunga na utumbo mdogo chakula kiruke sehemu. Kama una kiungulia kikali sema mapema kabisa, slivu inaweza kukizidisha. Wenye kisukari cha ukubwani wengi wanapunguziwa dawa baada ya operesheni, wengine sukari inatulia bila dawa, ila usijiachishe mwenyewe.

Nani asubiri? Mjamzito, au anayetaka mimba karibuni maana baada ya operesheni unaambiwa ukae mwaka mpaka mwaka na nusu kwanza, mvuta sigara mpaka aache, mwenye shida ya pombe, na yule anayekula kila akiwa na huzuni, huyu aanze na mshauri jamani, tumbo likipungua huzuni inabaki palepale.

Halafu jiulize kwa ukweli kabisa, utaweza? Wiki za mwanzo ni vya maji maji, baadaye vilaini, kwenye sahani protini inatangulia, ugali unakuwa tonge mbili tatu, maji hunywi pamoja na chakula unasubiri nusu saa. Vidonge vya vitamini na madini ni maisha yako yote, na damu unapima kila mwaka, ukiacha utaishia na upungufu wa damu au ganzi miguuni. Na kwa waliofanya baipasi, mgongo ukiuma usichukue diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa, zinaleta vidonda pale walipounga, mwambie muuzaji umefanyiwa operesheni gani akupe parasetamo.