Hachibaki kali au gari la heshima? Namna ya kuchagua gari la mitumba ukiwa Malindi

Kijana mmoja anayefanya kazi hotelini Watamu alinijia gereji na picha mbili kwenye simu. Ya kwanza Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha sita, nyekundu, rimu nyeusi. Ya pili Toyota Mark X ya lita 2.5, rangi ya fedha, viti vya kitambaa. Bei zimekaribiana. "Ami," akaniambia, "hizi mbili nichukue ipi?"

Nikamjibu kwamba picha hazinukii oili. Tulichofanya naye kwa wiki tatu ndicho nitakachokueleza hapa, maana swali lake huletwa gereji kwangu kila mwezi kwa sura tofauti.

Kwanza tuelewane maneno. Hachibaki kali ni kigari kifupi, mlango wa nyuma unapanda na kioo chake, lakini injini iliyotiwa ndani imezidi umbo. GTI ya kwanza, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1975, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na nguvu ya farasi 110. Hii ya kizazi cha sita ina lita 2.0, turubo (pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini), farasi 210. Gari la heshima ni saluni pana na tulivu kama Mark X: ile ya 2.5 ina V6, yaani injini ya silinda sita, isiyo na turubo, farasi 203. Kwa nguvu, basi, ni ndugu. Anayekwambia moja ni ya mbio na nyingine ni ya wazee hajawahi kukanyaga Mark X ikiwa gia ya pili.

Hatua ya 1: Andika safari zako kabla hujatazama gari lolote

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila safari: umekwenda wapi, mmekuwa wangapi, mmebeba nini, barabara gani. Usiandike unavyotamani kuishi, andika unavyoishi. Kijana wangu aliapa kwamba anahitaji gari kubwa kwa ajili ya mamake aliyeko Langobaya. Daftari likasema vingine. Safari 26, na 22 kati ya hizo alikuwa peke yake, Malindi kwenda Watamu kupitia Gede na kurudi. Kwa mamake alikwenda mara moja. Zilizobaki ni sokoni, na harusi moja Mambrui.

Mtu wa namna hiyo anafaa gari dogo lenye raha. Lakini kama daftari lako limejaa watoto watatu, bibi, na magunia ya nazi, usinipotezee asubuhi kwa GTI. Nenda moja kwa moja kwenye Mark X, au hata Premio, na ruka nusu ya mwongozo huu.

Hatua ya 2: Soma namba za tairi

Hili watu hawalitazami, nalo ndilo litakalokutoa pesa mfukoni kila msimu wa mvua. Ubavuni mwa tairi ya kawaida ya GTI pameandikwa 225/45 R17. Zidisha 225 kwa 0.45: ukuta wa tairi ni milimita 101. Mark X ya kawaida huvaa 215/60 R16, ambayo ni milimita 129. Karibu sentimita tatu za mpira zaidi kati ya rimu yako na shimo. Rimu zile nyeusi za inchi 18 alizozipenda kijana huwa na 225/40, yaani milimita 90. Ukiingia na hizo kwenye njia za vumbi za Marafa au Langobaya, rimu itapinda kabla hujafika, na siku hiyo ndiyo utagundua kwamba tairi ya akiba ni kile kijigurudumu chembamba cha kukufikisha kwa fundi tu.

Ukiwa hapo hapo tazama tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado imekauka kwa jua letu. Nyufa ndogo mizizini mwa meno zinatosha kukuambia.

Hatua ya 3: Karatasi, kwa haraka

Logibuku ilingane na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi, na jina liwe la anayekuuzia au awe na maelezo ya kueleweka. Tafuta rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wewe mwenyewe, usikubali kuonyeshwa picha ya rekodi kwenye simu ya dalali.

Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Golf ya kizazi cha sita ilikoma kutengenezwa kitambo, kwa hiyo haishuki tena bandarini. Zote unazoziona zimeshaonja matuta yetu, na nyingi zimepita mikono miwili au mitatu. Mark X ilitengenezwa hadi Desemba 2019, hivyo yumkini ukapata iliyoingia juzi pamoja na karatasi yake ya mnada ya Kijapani. Ukiipata, tazama daraja: 4 au 4.5 ni nzuri, R ni gari lililogongwa likatengenezwa. R si lazima uikimbie, ila usilipe bei ya 4.5.

Hatua ya 4: Fika injini ikiwa baridi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa niliwahi kuliwa. Zamani, kabla sijapata mvi hizi, nilinunua kigari cha turubo kutoka kwa mtu nisiyemtaja. Nilipofika kwake injini ilikuwa imeshanguruma nusu saa. "Nilikuwa nakuoshea," akasema, na kweli gari lilikuwa linametameta. Asubuhi ya pili nikiwa nalo nyumbani, nililiwasha likapiga kelele kama mtu anayekokota mnyororo wa nanga juu ya mawe. Nililipa injini mara mbili.

Kwa hiyo mwambie muuzaji asiliwashe, na ufike mapema kuliko mlivyoagana. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu za pili. Ikiwa pamoto, ahirisha.

Kisha simama mbele, boneti wazi, mwenzako awashe. Kwa GTI hii sikiliza sekunde mbili za kwanza. Injini yake inatumia cheni ya taimingi, ile inayooanisha mwendo wa vali na pistoni, na kikaza cheni cha matoleo ya awali kinajulikana kwa udhaifu. Ukisikia *krrrr* fupi kisha kimya, usidanganywe na ule ukimya. Cheni ikiruka meno, vali zinakutana na pistoni. Golf ya kizazi cha tano ni tofauti. Ile ina belti, basi uliza ilibadilishwa lini na uonyeshwe risiti.

Mark X haina kelele hiyo. Wewe angalia mambo mawili. Kwanza inavyotulia bila kukanyagwa mafuta: V6 ile hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na petroli, masizi hujikusanya, injini hutetemeka ikiwa imesimama. Pili, mulika tochi kwenye pampu ya maji. Ukoga mkavu wa waridi ni kulanti iliyovuja ikakauka.

Moshi unaujua: bluu ni oili, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe mzito usiokoma ni maji yanayoingia kusikotakiwa. Mwache mwenzako akanyage, aachie, akanyage tena. Turubo iliyochoka hutema bluu pale anaporudi kwenye mafuta.

Malizia na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usitazame kosa tu, tazama pia kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Dashibodi safi yenye vipimo visivyokamilika ina maana mtu amefuta makosa jana usiku akijua unakuja.

Hatua ya 5: Lala chini yake

Malindi ina chumvi hewani mwaka mzima, na kaskazi ikivuma kutoka baharini hata bawaba za milango ya nyumba zinalia. Gari lililolala Casuarina, ufukweni, miaka mitano si sawa na lililolala Kakoneni, bara. Lililofanya kazi huko Gongoni kwenye mashamba ya chumvi nalilaza juu ya jeki hata kama mwenyewe ni rafiki yangu. Na usidhani lililotoka Japani limesalimika. Kule Hokkaido humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huganda chini ya gari vile vile.

Chukua bisibisi. Kwa mpini wake gonga kingo za chini za bodi, chini ya milango, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia *ting*. Chuma kilicholiwa au kilichojazwa filla, ule udongo wa kuzibia bodi, hulia *pu*, kama kugonga boga. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itakuambia hivyo hivyo bila kuchubua rangi: penye filla haishiki. Halafu fuata mabomba ya breki kwa kidole, hasa yanapopinda juu ya gurudumu la nyuma.

GTI nyekundu ililia *ting, ting, ting*, halafu *pu* chini ya mlango wa dereva. Kijana akanitazama. Nikagonga tena. *Pu.* Muuzaji akaanza kutuhadithia habari za spika.

Hatua ya 6: Iendeshe, kisha hamia kiti cha nyuma

Usizunguke mtaani tu. Njia yangu ya kupimia ni mjini hadi Gede na kurudi, kilomita kama 30, na ndani yake mna kila kitu: tuktuk, matuta, lami iliyonyooka, mabega ya barabara yaliyokatika.

Ukiwa na GTI yenye giaboksi ya DSG (ya klachi mbili, inayojibadilisha yenyewe) ya gia sita, kazi yako kubwa ni mwendo wa kobe. Tambaa nyuma ya tuktuk bila kukanyaga mafuta. Ikishtuka au ikigonga kati ya gia ya kwanza na ya pili, uliza oili yake ilibadilishwa lini. Inatakiwa kila kilomita 60,000 pamoja na filta, na hapa wengi hawajui hata kama ipo. Polo GTI ya 1.4 ya kuanzia 2010 ina DSG ya gia saba yenye klachi kavu. Hiyo mimi simshauri mtu anayeishi kwenye joto na foleni, labda awe na fungu la pembeni na moyo wa chuma.

Kwenye Mark X sikiliza bushi za mikono ya saspensheni ya mbele unapopita tuta kwa pembe, gurudumu moja kabla ya jingine. Kigongo kizito ni bushi, kigongo chepesi cha haraka mara nyingi ni linki ya stabilaiza, nayo ni pesa kidogo.

Kurudi, mpe mwenzako usukani ukae nyuma. Hakuna anayefanya hivi. Katika GTI utasikia barabara ikizungumza na mgongo wako, na kwa dereva hiyo ndiyo raha yenyewe. Katika Mark X utasinzia kabla ya Msabaha. Kama unabeba watalii au wakwe, ule usingizi ndio bidhaa unayonunua.

Hatua ya 7: Hesabu

Watu hudhani GTI ndiyo mlafi. Kwa safari ya Mombasa, kilomita kama 120, GTI nzima ikiendeshwa kwa adabu hunywa kidogo kuliko V6 ya Mark X. Kitakachokukamua ni kingine: fungua mfuniko wa tangi usome kibandiko, GTI inadai petroli ya oktani ya juu, na si kila kituo njia ya Garsen kinayo. Spea za Mark X zikikosekana hapa, basi la Mombasa linazileta jioni. Za GTI mara nyingi nasubiri Nairobi, na gari linasubiri nami juu ya mawe.

Kanuni yangu: ukinunua Mark X, bakisha sehemu moja ya kumi ya bei mkononi. Ukinunua GTI, bakisha moja ya tano. Kama bei inakumaliza hadi senti ya mwisho, gari hilo si lako bado.

Kijana aliiacha ile GTI. Mark X ilipita vipimo vyote isipokuwa pampu ya maji, nasi tukaomba bei ishuke kwa gharama ya pampu na kazi. Mwenyewe akakubali. Ndipo kijana akafungua daftari lake, akahesabu tena zile safari 22, akafunga. Hakuichukua.

Alisubiri miezi miwili, akapata Suzuki Swift Sport ya 1.6, hachibaki ndogo, ile ya farasi 136, haina turubo, gia za mkono. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, boneti baridi kama mtungi. Ililia *ting* kutoka mbele hadi nyuma. Kitu pekee nilichomlazimisha ni kuvua rimu za inchi 17, kwa sababu 195/45 ni ukuta wa milimita 88 tu, akavaa za 16. Mamake aliingia kiti cha mbele kwa kushika paa, akauliza nusu nyingine ya gari iko wapi.

Sasa kila Jumamosi nyingine kijana anakuja kwangu na mpira wa maji. Haoshi juu. Anapiga jeki, analala chali, anasuuza chini hadi maji yanayodondoka hayana tena ladha ya chumvi. Ndiyo, anayaonja. Mimi ndiye niliyemfundisha.