Kipima Unyevu Hakijaharibika, Shimo Ndilo Baya

Msimu huu nimeitwa kwenye mashamba kadhaa ya Rongai na Njoro, huko Nakuru, na lalamiko ni lile lile: "Afisa, hiki kipima unyevu cha udongo kimekufa." Hakijafa. Kimezikwa vibaya.

Juzi nilifukua kimoja kwenye vitunguu. Kilikuwa kinasoma sentibari 180 (sentibari hupima jinsi udongo unavyoyashikilia maji yasivutwe na mizizi), na namba ikiwa kubwa hivyo udongo umekauka kabisa. Nikachota udongo wa kina hicho hicho, nikaufinya, ukashikana kama tonge la ugali. Kando ya kipima, kidole changu kilizama bila kugusa kitu. Mwenye shamba alikuwa amewasha pampu siku nne mfululizo kwa kuiamini namba hiyo. Dizeli imekwisha, na vitunguu vinaoza.

Mnachimba kwa jembe, shimo la kutosha mche wa parachichi, kisha mnarudisha udongo ovyo ovyo. Kipima kilichozungukwa na hewa hakigusani na maji ya udongo, kwa hiyo kinasoma ukame usiokuwepo. Mvua ikinyesha, maji yanateremkia humo humo na kinasoma karibu na sifuri, ilhali mizizi iliyo hatua moja pembeni ina kiu.

Toboa kwa paipu ya chuma yenye unene wa kipima chenyewe. Kiloweke usiku kucha, kiingie kikiwa kimelowa. Udongo uliotoka chini kabisa ya shimo (si wa juu, na jamani, si mchanga wa mjengo!) ukoroge uwe mzito kama uji wa wimbi, umimine, kisha sukuma kipima mpaka kikae chini. Shindilia juu, uache kichuguu kidogo ili maji yasituame.

Kwa mahindi weka viwili: sentimita 20 na sentimita 40. Pima kina kwa futi ya kupimia, si kwa shubiri. Soma asubuhi kabla ya saa mbili, mara tatu kwa wiki, uandike daftarini. Namba ya kile cha juu itapanda wiki yoyote ya jua. Namba ya cha chini ikipanda mfululizo mahindi yakitoa mbelewele, huo ndio ukame. Mwenye maji amwagilie siku hiyo hiyo.

Siku moja au mbili baada ya mvua kubwa kikisoma kati ya 10 na 30, kimekaa sawa.

Wa Ahero, udongo wenu mweusi hupasuka ukikauka. Ufa ukipita kwenye kipima, king'oe ukitege upya.